Ufunguo Tulioacha Mumoni

Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema hata salamu huipima kwanza. Tulipoamua kuzunguka Ukambani kwa gari tukipanda vilima vyake virefu, alinisihi niache shuku zangu nyumbani. Sikuziacha. Pale mjini Salama, mwanamume aliyejitolea kufuta kioo cha gari nilimkodolea macho mpaka akaona haya. Kule Nzaui, Makueni, nilirudi mara mbili kuhakikisha milango imefungwa.

Siku ya tatu tukafika pande za Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, kupanda mlima Mumoni. Tuliegesha mbele ya duka. Mwenye duka, Mwislamu aliyehamia huko kutoka Garissa, akatuelekeza boma la mwisho chini ya mlima. Tukamkuta susu, yaani nyanya wa Kikamba, goti limefungwa kitambaa. Alisema mlima aliuacha zamani kwa sababu ya hilo goti. Akatuonyesha njia, kisha akanyoosha mkono. Kila apandaye, alisema, huacha hapo kitu asichoweza kwenda nyumbani bila hicho, akakichukua akishuka. Afadhali ufunguo wa gari.

Nikajiambia, ndiyo hii sasa. Gari lingefika mjini Mwingi kabla sisi hatujafika kileleni. Nikachomoa ufunguo wa kufuli kuukuu, kufuli lenyewe tulishalitupa, nikampa huku nikitabasamu. Akaufunga kwenye pindo la leso.

Kileleni sikufaidi chochote. Mke wangu alishangaa ukubwa wa nchi iliyolala chini yetu; mimi nilitafuta vumbi la gari langu barabarani. Wakati wa kushuka nikashikilia tufuate njia nyingine, tusipite bomani, maana sikujua ni nani wanatungoja. Tukatokea nyuma ya duka saa kumi, tumechanwa na miiba. Gari lilikuwepo. Hata hivyo nilifungua boneti nikachungulia.

Mwenye duka akatoka.

"Kumbe mko hapa? Watu wote wako mlimani wanawatafuta. Ufunguo wenu bado iko kwa susu, wakajua mmeumia huko. Hata yeye mwenyewe amepanda."

Mke wangu akaniuliza ni ufunguo upi. Nilipomwambia, aliketi kwenye ngazi ya duka akanipa mgongo. Mwenye duka akawapigia simu walio mlimani, nasi tukangoja.

Walishuka mmoja mmoja, wazima, wakitusalimu kwa furaha, jambo lililoniumiza zaidi. Susu alikuja wa mwisho, akishikiliwa na wanawake wawili, mguu akiuburuta. Niliona aibu kiasi cha kutamani anitukane. Hakuniuliza tulipita wapi. Alifungua fundo la leso polepole, akanipa ufunguo.

"Wengine walisema mmeenda," akasema. "Mimi nikakataa. Mtu hawezi enda aache ufunguo yake."

Nikaupokea kwa mikono miwili.