Mtoto Asiyewekwa Chini

Harufu ya maziwa yaliyochacha bado inanipata shingoni, pale pale mdogo wangu Okoth alipozoea kunitapikia. Nilikuwa na miaka tisa, msimu wa kuchuma pamba huko Kisoko, miaka michache baada ya uhuru wa Uganda, nami nilikuwa nimetolewa shule ili nimlee. Mama aliondoka jua likiwa bado nyuma ya mwamba wa Tororo, na alirudi kumnyonyesha tu. Muda uliobaki Okoth, mtoto wa miezi mitatu, alilia. Alilia ameshiba, alilia ameogeshwa, na kila kilio kilikuja na uchafu wake: kamasi, matapishi, au kile kinyesi cha manjano kilichopenya kitambaa na kuteremka mgongoni mwangu kikiwa bado cha moto. Nzi walitufuata kama ndugu wa ukoo. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, niliandika insha ndefu kuhusu utamu wa malezi ya Kiafrika, nikapata alama nzuri. Nzi sikuwataja.

Kumweka chini haikuwezekana. Kwetu msichana aliyemlaza mkekani mtoto anayelia alihesabiwa mvivu, na sifa hiyo ingemfuata hadi ukweni. Wanawake waliopita kwenda kisimani walinitania, "Mama mdogo, mwanao anadai nini leo?" Nilicheka nao, nikaendelea kumrusharusha mgongoni.

Adhuhuri moja nilimfungua, nikamshika kwapani, nikamwinua mbele ya uso wangu nikimfokea anyamaze. Hakunyamaza. Nikamtikisa. Kichwa chake kilienda nyuma kikarudi, kama boga changa kwenye kikonyo chake, kisha akanitapikia ndani ya mdomo niliokuwa nimeufumbua kumfokea. Nilitaka kumtupa. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Vidole vilikuwa vimeshaanza kulegea.

Mama Awino, jirani yetu, alikuwa uani kwake akianika kimea cha pombe. Alikuja mbio, akampokea, akampapasa shingo, akamtazama macho. Kisha akamlaza chali mkekani, kivulini mwa ghala, akafukuza kuku, akaondoa kitambaa karibu na uso wake. Okoth akalia kwa nguvu zaidi. Mimi nikasubiri kofi.

"Akilia pale chini hafi," alisema. "Mikononi mwako atakufa. Nenda kanawe mdomo, ukae nyuma ya jiko. Mimi namwangalia. Rudi hasira zikiisha."

Niliporudi Okoth alikuwa na kwikwi, ananuka vile vile, na mzima. Mama alipoambiwa hakunipiga. Kwa siku mbili alimtazama Okoth anavyonyonya na anavyofuata kidole kwa macho, asinitazame mimi hata kidogo. Siku ya tatu, kabla ya kwenda shambani, alitandika mkeka yeye mwenyewe.

Siku hizi wauguzi huwaambia wazazi kliniki kwamba ukizidiwa na kilio, mlaze mtoto mahali salama, utoke kidogo upumue. Binti yangu alinieleza hayo kama habari mpya, nami nikaitikia kama msomi. Okoth ana kitambi sasa, na sauti ile ile. Kwenye harusi ya binti yangu alisimama, akawaambia wageni kuwa dada yake alimlea mgongoni bila kumweka chini hata siku moja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje kunawa mdomo.