Aliyeita Kutoka Ng'ambo ya Daraja

Sikulazimishi uniamini, ndugu yangu, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, akili zangu zikiwa timamu.

Bandarini hapa Toronto kuna daraja la zamani la chuma. Meli ikitaka kupita, kengele hulia, kizuizi hushuka, na daraja hunyanyuka kama kifuniko cha sanduku. Upande wa pili wa kizuizi hubaki ukingo, kisha maji.

Binti yangu Rehema alikuwa bado mdogo. Sheria ya nyumbani ilikuwa Kiswahili tu, lakini ukimwita anajibu kwa Kiingereza, "Wat?" Basi siku hiyo ya ukungu, tukienda ufukweni kwa miguu, nikaona nimfundishe njiani.

"Rehema!"

"Abee, mama!"

"Vizuri! Tena. Rehema! Njoo, mwanangu."

"Abee, mama! Lakini si niko hapa hapa?"

Kengele ikalia. Akakimbilia kwenye kizuizi kutazama daraja likipanda. Ndipo ng'ambo, ndani ya ukungu, mtu akaita: "Rehema! Njoo, mwanangu."

Unauliza sauti ilikuwa ya nani? Yangu. Na mdomo wangu nilikuwa nimeufumba.

"Abee, mama!" Akainama, akapita chini ya kizuizi.

"Rehema, rudi!" nikapiga kelele.

"Rehema, njoo!" ikaita ng'ambo.

Mtoto amfuate mama yupi? Akazidi kwenda mbele, ukingo huo hapo. Nikaropoka kwa Kiingereza changu cha Tanga, kile anachokicheka siku zote: "Rehema! Kamu hia! Kwiki!"

Akasimama. Akageuka, meno yote nje. "Mama! Umevunja sheria!"

Nikamdaka. Ng'ambo kimya. Unaona? Kitu kile kilijua yale tu tuliyoyarudia njiani. Kiingereza changu hakikuwahi kukisikia.

Leo Rehema ni mtu mzima. Nikimwita haitikii upesi. Huja kwanza, akanitazama usoni, ndipo akasema abee.

Juzi ukungu ulitanda tena. Nilikuwa jikoni, nikajisahau, nikamwita. "Abee, mama!" ikajibu sauti ya mtoto, nje ya dirisha. Tunakaa ghorofa ya juu kabisa, Thorncliffe Park. Na Rehema alikuwa kazini, Brampton.

Kwa hiyo wafundisheni watoto kuitika, ni jambo jema, na msichoke hata wakiwajibu Kiingereza. Lakini wafundishieni ndani, madirisha yakiwa yamefungwa.