Idi ya Mlinzi wa Mfereji

Zaïdou Oumouri aliandikwa kazi ya kulinda mfereji wa maji tarehe 5 Machi 1956, kwa mujibu wa kadi yake, na kwa miaka ishirini na miwili aliifanya vilevile. Jumatatu na Alhamisi alitoka nyumbani kwake katika mji wa kale wa Mutsamudu, akapanda hadi kijiji cha Patsy, akavuka nyasi za juu hadi kwenye chanzo, akaondoa majani yaliyoziba maji, kisha akarudi kwa njia aliyopandia. Mwezi wa Mei 1978 alibadili njia ya kurudi. Aliacha kupita tena Patsy, akawa anateremkia Mirontsy na kuingia mjini kwa kufuata pwani. Safari ikawa duara, na ikamwongezea saa nzima.

Sababu ilikuwa kapu. Lilipanda zito na kushuka tupu, na Zaïdou hakutaka watu wa Patsy walione mara mbili.

Huko juu alikuwako mwanawe Charif. Mamluki wa kizungu walipotua Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, mwezi huo na kuiangusha serikali, vijana wa kamati za serikali hiyo walianza kukamatwa, na Charif, mwenye miaka ishirini, alikuwa wa kamati ya mtaa. Tena alikuwa na la kujibu. Mwaka uliotangulia kamati ilipiga marufuku harusi kubwa, na Charif ndiye aliyeingia kwa jirani yao, mzee Djaanfar, akalitoa kabatini joho lake la harusi lililodariziwa nyuzi za dhahabu, akalichoma uwanjani mbele ya wajukuu wa mzee mwenyewe. Djaanfar alikuwa amelitunza miaka thelathini. Tangu siku ile hakuitikia salamu ya Zaïdou.

Zalifa, muuza muhogo wa Patsy, alikuwa akimsubiri kila safari.

"Zaïdou! Siku hizi mfereji unakula wali?"

"Mfereji haujambo, bibi. Mlaji ni mimi."

"Mbona hunenepi basi? Au wali wenyewe una aibu?"

Alicheka naye, akapita. Baada ya nyumba za mwisho njia hupanda kwenye mikarafuu, halafu miti huisha. Huko ni nyasi, kangaga na upepo, na ukungu unaoshuka wakati wowote bila taarifa. Katikati ya uwazi huo kimesimama kiwanda cha sukari cha wakoloni, kilichokufa kabla Zaïdou hajazaliwa: dohani la matofali, magurudumu ya kukamulia miwa yaliyoliwa na kutu, na tangi la chuma la kuchemshia, limelala ubavu, kubwa kiasi cha mtu kuingia na kunyoosha miguu. Charif alilala humo. Zaïdou aliweka chakula mlangoni mwa tangi, wakanong'ona kidogo, kisha yeye akaendelea na duara lake.

Ramadhani ilipofika, Charif alifunga humo humo. Alhamisi ya mwisho ya mwezi Zaïdou alimkuta amejikunja, amekonda, macho yamemwingia ndani.

"Baba, nikohoe wapi tena? Nikikohoa humu, chuma kinalia kama ngoma. Patsy nzima itakuja kucheza."

Zaïdou alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amelifikiria jambo hili mwezi mzima.

"Idi ukishuka, tutasali, halafu tutapita nyumba kwa nyumba kama watu wote. Utampigia magoti mzee Djaanfar."

"Atanikabidhi kwa askari."

"Siku ya Idi? Nani Mutsamudu amewahi kukataa kusamehe siku ya Idi?"

"Baba, mamluki hawasali Idi."

"Mamluki hawakujui. Anayekujua ni Djaanfar. Akisema umesamehewa, umesamehewa na mji."

Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga mtu aliyeishi maisha yake yote katika vichochoro vile, ambako baada ya sala ya Idi wadogo huwainamia wakubwa mlango kwa mlango, na ugomvi wa mwaka mzima huishia kizingitini. Hakujua hesabu nyingine.

Mkesha wa Idi walishuka pamoja kwa njia ya Mirontsy, ukungu ukiwaficha hadi karibu na pwani. Mama yake Charif, Hadjira, alimshika uso kwa mikono miwili, kisha akaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Asubuhi walisali. Nyumba ya kwanza waliyobisha hodi ilikuwa ya Djaanfar. Charif alipiga magoti na kumshika mzee miguu.

"Bakoko," alisema, kama wanavyoitwa babu kule, "joho lako nililichoma mimi. Nisamehe."

Djaanfar aliegemeza bakora yake ukutani.

"Pembeni lilikuwa limekwisha kuliwa na nondo," mzee alisema. "Mke wangu hajui mpaka leo. Inuka, mwanangu."

Alimwinua mwenyewe, akalia, akaagiza chakula. Charif alikuwa ametia mkono katika sinia wakati Djaanfar alipomsogelea Zaïdou.

"Jina lake nililipeleka mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mwezi wa Juni askari walikuja kuuliza nani alitutesa, nikamtaja. Nilikuwa na hasira, ndugu yangu. Lakini sasa dai sina. Ngoja nikalifute."

Akachukua bakora yake na kutoka, na Zaïdou hakumzuia. Alidhani, kama Djaanfar alivyodhani, kwamba mdai akisamehe kesi imekufa. Djaanfar alikwenda moja kwa moja kwa askari wa serikali mpya, akawaeleza kila kitu kwa ukweli: kijana amerudi, ameomba radhi, amesamehewa, na wakati huu yuko nyumbani kwake anakula.

Askari walimfuata nyuma hadi nyumbani. Charif alichukuliwa wali ukiwa bado vidoleni.

"Mimi ndiye mwenye dai!" Djaanfar alipiga kelele kichochoroni. "Nimesamehe! Futeni!"

"Orodha iko Moroni," askari mmoja alimjibu. "Nenda kafutie huko."

Zaïdou na Djaanfar walikwenda. Wiki tatu baadaye wazee hao wawili walishuka melini Moroni, wakakaa siku tatu chini ya ukuta wa mawe meusi mbele ya lango la kambi alikofungwa Charif. Siku ya tatu mlinzi kijana, Mkomori, aliwauliza nani baba.

"Huyu," alisema Djaanfar.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyemshitaki. Nimekuja kusema sina dai naye."

Kijana aliingia ndani, ambako wazungu wawili walikuwa wakicheza karata kivulini. Aliporudi hakuwatazama.

"Alikufa Ijumaa iliyopita. Kifua."

"Kazikwa wapi?" Zaïdou aliuliza.

"Kazikwa."

"Nani alimsalia?"

"Mimi na mwenzangu. Tulikuwa wawili."

Zaïdou alimshukuru. Djaanfar bado alikuwa amesimama langoni, akiuliza kama jina limefutwa, na kijana akamwambia: "Mzee, nenda nyumbani."

Meli ya kurudi iliondoka Jumatano. Njiani Zaïdou alimwomba Djaanfar amwambie Hadjira, kwa sababu yeye hataweza, na Djaanfar akakubali.