Likelemba ya Dawa ya Uso

Harufu ya dawa ya chunusi hunirudisha Ndosho, mtaa wa Goma, hata leo, kabla sijajua ninarudishwa. Ni harufu kali kidogo, ya kihospitali, na mwaka ule ilikuwa imechanganyika na moshi wa makaa, samaki wa kukaanga wa jirani, na vumbi jeusi la mawe ya volkano lililoingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Tulikuwa tumejazana katika nyumba ya mbao ya mama mudogo, mdogo wake mama yangu, watu wengi kuliko mikeka. Mimi nililala na dada yangu mkubwa, Solanji, tukiwa tumeweka vichwa juu ya pagne moja, kitenge, iliyokunjwa ikawa mto. Alikuwa msichana wa kidato cha katikati cha sekondari, mimi nilikuwa na miaka tisa, na harufu ya mashavu yake ilikuwa kitu cha mwisho nilichonusa kabla ya usingizi.

Tulikuwa tumeshuka kwa miguu kutoka milima ya Masisi, risasi zilipofika kwenye kilima chetu. Ng'ombe wa baba walichukuliwa na watu wenye bunduki, na baba hakupenda kuulizwa ni watu gani. Tangu siku hiyo alikaa kimya, ameketi juu ya jiwe mbele ya nyumba, kofia yake ya kuchungia ng'ombe imelala magotini kama mtu anayengoja kuitwa. Solanji yeye alikuwa amepoteza mwaka mzima wa shule. Shule moja ya mtaani ilikubali kumpokea katika darasa lile aliloliacha, kwa sharti lisilo na mlango wa nyuma: atakayekosa mitihani ya mwisho wa mwaka atarudia. Sote nyumbani tulijua maana yake. Msichana aliyekwisha kuliwa mwaka mmoja na vita, akirudia mwingine, harudi tena shuleni. Ataanza kuuza mkaa, kisha ataolewa.

Na katika mwaka huohuo uso wake ukajaa chunusi. Si mbili tatu za kupita. Zilikuwa kubwa, nyekundu, zenye maumivu, paji la uso na mashavu yote, na zikipona ziliacha alama nyeusi. Wanafunzi wenzake hawakumhurumia. Mvulana mmoja alikuwa akimsubiri kwenye lango, kila asubuhi, na maneno yaleyale: "Weye wa Masisi, sura yako ilipita ku mabomu?" Na wengine wanacheka. Akirudi nyumbani akilia, mama mudogo, mwanamke mwema aliyetupa nyumba yake na unga wake, alimkatiza: "Batu banakufa kule, Solanji. Batu banakufa! Na weye unalilia sura?"

Nimelibeba neno hilo miaka yote, na hasira yangu nalo haijapoa. Nataka kulijibu taratibu, kwa sababu najua wazazi wengi wanaosoma hapa wamewahi kulisema. Chunusi ni ugonjwa wa ngozi. Vijitundu vya ngozi huziba kwa mafuta ya mwili, vikavimba, na umri ule wa kukua ndio huyaongeza mafuta hayo. Hazitokani na uchafu. Hazitokani na kuwaza wavulana, kama alivyohubiri mama mmoja wa kwaya yetu mbele ya wasichana wote. Mtoto mwenye nazo hajakosa kitu. Na vita havimwondolei mtu haki ya kuumwa na kitu kidogo. Mkimbizi naye huumwa jino. Mkimbizi naye ana uso, na ndio huohuo anaoingia nao darasani.

Kwa kuwa wakubwa walikuwa wamekataa kusikia, wasichana wakajitafutia. Kwaya ya kanisa letu ilikuwa na wanne wenye chunusi, Solanji akiwa mmoja wao, na walifanya kile walichowaona mama zao wakifanya kila Jumapili baada ya ibada: likelemba. Kila mwenye kuishi Goma anajua likelemba. Wanawake wanachanga fedha, na kila wiki mmoja wao anabeba zote, mpaka kila mtu amepata zamu yake. Ni desturi nzuri. Imesomesha watoto na kuezeka nyumba. Basi wasichana wale wakachanga, wakanunua tyubu moja ya dawa, na wakapanga kila mmoja akae nayo wiki yake.

Waliinunua kwenye meza ya mbao kando ya barabara, ambapo dawa, betri na sabuni vilikaa pamoja juani kuanzia asubuhi. Haikuwa na boksi wala karatasi ya maelezo, kwani wachuuzi waliitoa dawa kwenye maboksi ili nyingi zaidi ziingie katika mfuko mmoja. Solanji alimuuliza muuzaji namna ya kuitumia. Nilikuwa nimemshika mkono, nikasikia jibu lote kwa masikio yangu. "Paka tu, mutoto. Ikichoma, ujue iko inatumika." Hilo lilikuwa fundisho lake lote. Alikwisha kugeukia mteja wa betri.

Sasa ona jinsi desturi nzuri inavyoweza kuharibika ikiwekwa mahali pasipo pake. Fedha za likelemba, ukizipata zote kwa wiki yako, unafurahi. Dawa ya ngozi haitaki hivyo. Inataka kidogo, muda mrefu, uso uleule. Lakini kila msichana alijua kwamba Jumapili ijayo tyubu itaondoka, na nani angekubali kula zamu yake nusu? Wa kwanza, Klodine, alipaka uso ukawa mweupe kama ukuta wa chokaa, asubuhi na jioni. Ngozi yake ikakauka, ikaanza kubanduka. Wenzake wakamzunguka nje ya kanisa wakimpigia vigelegele. "Inatoa sura ya zamani! Weye utatoka mupya!" Hakuna aliyemwambia kwamba anaungua.

Zamu ya Solanji ikaangukia wiki iliyotangulia mitihani. Kwanza alisugua uso kwa sabuni ya kufulia, eti dawa iingie vizuri. Kisha akapaka asubuhi, akapaka akitoka shuleni, akapaka jioni, mpaka kwenye kope na pembe za mdomo. Katikati ya hayo yote alikuwa na kazi yake ya kila siku: kwenda robine, bomba la maji la mtaa, kusimama kwenye foleni juani na bidon, dumu lake la njano. Aliposema inachoma, mimi mwenyewe, kwa akili yangu ya miaka tisa, nilimtia moyo kwamba inatumika.

Asubuhi ya Jumamosi aliamka macho yamevimba. Mashavu yalikuwa mekundu na yanang'aa, ngozi imepasuka kando ya pua, na hakuweza kufungua mdomo kula uji. Mama mudogo alianza kupiga kelele, lakini kwa ajili ya pagne. Pagne yake ya buluu tuliyoilalia ilikuwa imetokwa na rangi, madoa meupe pale mashavu ya dada yangu yalipokuwa. Solanji akajifunga kitambaa usoni, akabaki na macho tu. "Siendi ku mitihani," akasema. "Wakiuliza, waambie nimekufa."

Mama yetu alitupeleka wote wawili kwenye hema la matibabu lililowekwa kwa ajili ya watu waliokimbia vita. Tulisimama kwenye foleni tangu asubuhi. Tulipofika mbele, mlinzi wa mlango akamwambia Solanji afunue uso, akamtazama, akacheka. "Mama, hapa ni pa wagonjwa. Huyu ni wa vipodozi. Rudisha mutoto nyumbani." Watu wa karibu walicheka naye, maana foleni ndefu hutafuta kitu cha kuchekea. Mama yangu, aliyevuka milima usiku na mchana akiwa na mdogo wetu mgongoni bila kumwomba mtu njia, aliinamisha kichwa na kutugeuza. Hiyo ndiyo hasira yangu ya kwanza ninayoikumbuka. Sikuwa na jina la kuiita, lakini nilitaka kumuuma yule mtu mkono.

Baba alikuwa juu ya jiwe lake. Mama alipomweleza, alinyoosha mkono, akaomba kuiona tyubu. Akaigeuza, akaigeuza tena. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akichanganya dawa ya kupe kule Masisi. Alipima kwa kifuniko cha chupa, akiwa amekunja uso, na aliwahi kugombana na jirani aliyemimina kwa kukadiria, kwa sababu dawa ikizidi humbabua ng'ombe kiwele.

"Nani alikupatia kipimo?" akamuuliza Solanji.

"Hakuna, papa. Kila mutu anapaka wiki yake."

Hakumgombeza. Alivaa koti, akaweka kofia kichwani kwa mara ya kwanza tangu tulipofika, akamshika mkono. Mimi nikawafuata mbio. Kwenye hema, mlinzi alianza maneno yake yale ya vipodozi. Baba akamwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, ila foleni yote ilisikia:

"Ku Masisi, ng'ombe yangu ilikuwa na daktari. Alikuja na pikipiki, akaishika, akaniambia dawa gani na kiasi gani. Ng'ombe, ndugu yangu. Sasa minakuuliza: huyu mutoto wangu eko chini ya ng'ombe?"

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma kabisa, "Weye, toka ku mulango! Muzee anasema kweli!" na nyingine ikaongeza, "Na wewe sura yako tu inatuogopesha, hatukukufukuza!" Hapo wakacheka, ila safari hii kicheko kilikuwa upande wetu. Pazia likafunguka, muuguzi akachungulia kuona kelele ni za nini, akamwona Solanji, akamwingiza.

Aliyotueleza mle ndani ningependa kila mzazi ayajue, na si magumu. Kwanza aliuliza kama midomo au ulimi umevimba, au kama anahema kwa shida, kwa sababu hilo likitokea ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Halikuwapo. Basi akamwambia aache dawa kabisa, anawe kwa maji safi tu, apake vaselini isiyo na manukato, na ngozi ipone kwanza. Arudi amwonyeshe. Baadaye, ilipopona, akamfundisha kuanza upya: uso uliooshwa taratibu na kukauka, dawa kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, safu nyembamba, jioni moja na kuruka moja au mbili mpaka ngozi izoee. Mbali na macho, midomo, pembe za pua na mahali penye kidonda. Bila limau, bila sabuni ya kufulia, bila kuchanganya na dawa nyingine. Mikono ioshwe baadaye, mto uwe wa kitambaa cheupe kikuukuu, maana dawa ya aina ile hula rangi ya nguo, na juani akingwe uso. Kuwashwa kidogo na kukauka kidogo hutokea; kuungua si dalili ya kupona. Na matokeo huja baada ya wiki nyingi, pengine miezi miwili mitatu, kwa hiyo dawa ya zamu ya wiki haiwezi kumponya mtu yeyote. Kila mmoja awe na yake.

Lakini Jumatatu ya mitihani haikungoja ngozi ipone. Baba alimsindikiza Solanji mpaka lango la shule. Yule mvulana alikuwepo, amekwisha kufungua mdomo. Jua lilikuwa limetoka. Baba akavua kofia yake ya uchungaji, akamvika dada yangu, kivuli cha ukingo kikamfunika mpaka kidevuni. "Eh! Muchunga ng'ombe amefika!" mvulana akapiga kelele. Solanji akafungua kitambaa, akampa baba, akaingia na uso wake ulivyokuwa, chini ya kofia ile kubwa. Alifanya mitihani yote. Alipita.

Leo Solanji ni mwalimu, na ukimtazama karibu utaona alama moja hafifu kando ya pua. Mimi nafanya kazi katika duka la dawa hapahapa Ndosho. Baba hakuwahi kupata tena ng'ombe hata mmoja. Vita vilikwenda vikarudi, na mahema yamesimama tena juu ya mawe yaleyale meusi. Dawa za chunusi zimekuwa nyingi kuliko zamani, na meza za kando ya barabara bado zinaziuza bila maboksi, na sasa nyingine zimechanganywa na vitu vya kung'arisha ngozi ambavyo muuzaji mwenyewe havijui. Bado wanasema ikichoma inatumika. Wasichana bado huja kwangu kwa makundi wakitaka tyubu moja, nami huwauliza kwanza, bila kuwacheka, ni ya watu wangapi. Wakijua sababu, huelewa haraka. Vijana huelewa haraka sana wakielezwa.

Wiki iliyopita aliingia msichana aliyekimbia kutoka Kibumba, kitambaa usoni, amebaki na macho tu. Hata hakuniamkia kwanza. "Unisamehe, mama," akasema. "Minajua ni vita, minajua batu banakufa, lakini..." Miaka yote ile, na bado tunawafundisha watoto kuomba radhi kabla ya kuomba dawa. Nilimwambia afungue kitambaa, asogee dirishani penye mwanga nimwone vizuri, na asije tena kuniomba msamaha kwa kuwa na uso.