Maji ya Kwanza ya Mchunga

Wenzangu, Mkuyuni nzima bado wananicheka, kwa hiyo bora mkisikie kisa hiki kutoka kwangu kabla muuza maandazi wa pale kwetu hajakitia chumvi.

Siku hiyo mama yake Masanja, mchumba wangu, alikuwa anavuka ziwa pale Busisi kuja kuniona kwa mara ya kwanza, yeye na Shangazi Kabula wa huko huko kwao, akinikubali posa inaletwa, asiponikubali ndiyo basi, na mimi tangu asubuhi sikai, sisimami, nafagia palipokwisha kufagiwa, nachungulia barabarani, narudi kufagia. Wakafika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, shika mboga." Akanipa fungu la mchunga, ule wa porini, aliouchuma mwenyewe pembezoni mwa shamba lake. (Kwao mkwe mtarajiwa haulizwi maswali, anapewa mboga apike.)

Sasa mchunga ulivyo mchungu, kila mtu anajua unauchemsha, unamwaga maji ya kwanza, ndipo unaunga kwa karanga. Hata mimi najua! Ila wiki ile mtaalamu mmoja redioni alisema mboga za porini zimejaa antioksidanti, yaani vile vitu vinavyosaidia mwili usichakae mapema, na ukimwaga maji ya kuchemshia unamwaga na baadhi yake. Nikawaza, mama wa watu umri umeenda, ngoja nimpe zote. Sikumwaga hata tone. Mengine nikayakinga kwenye jagi, nije ninywe baadaye kwa ajili ya ngozi.

Nikaonja, masikio yakalia. Nikaongeza karanga, nikaongeza maziwa, nikaongeza karanga tena, na huku dada yangu anaita kutoka sebuleni, "Wageni wana njaa!" Nikapakua hivyo hivyo.

Mama akala tonge moja, la pili akalirudisha sahanini. Shangazi Kabula akafumba jicho moja.

"Mwanangu, maji ya kwanza ulimwaga?" mama akauliza.

Hapo ndipo nilipojimaliza. "Nilimwaga mama, tena mara mbili."

Akasukuma sahani. "Umemwaga mara mbili na bado uko hivi? Kabula, tema! Huu si mchunga! Nimechuma sumu mimi, nimekuja kuua watoto wa watu!"

Jamani! Shangazi mbio uani na vidole kooni, dada anapiga kelele yaletwe maziwa, majirani wamejaa, dereva wa bodaboda ananguruma langoni tayari kuwakimbiza watu zahanati, na mama, mtu mzima yule, amekaa chini analia, anamwomba Mungu amsamehe. Kilio kile kiliniuma kuliko aibu yenyewe. Nikapayuka mbele ya mtaa mzima, "Sikumwaga! Maji yako kwenye jagi!"

Bodaboda akazima pikipiki.

Mama akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Lilete." Nikalileta. "Kunywa." Nikanywa yote, yeye ananitazama, majirani wananitazama, ulimi ukafa ganzi, na hakuna aliyeniambia inatosha.

Posa ililetwa, msihofu. Ila mpaka leo mama mkwe akija anakuja na fungu la mchunga, ananikabidhi bila neno, kisha anasimama mlango wa jikoni mpaka asikie maji yanamwagika. Nami namwaga kutoka juu, polepole, asikie vizuri.