Pete Katika Jicho la Mchongaji

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya macho mjini Kisii sikuruhusiwa kushika hata pamba. Daktari Mkuu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alinionyesha benchi la wagonjwa akasema, "Sista, leo kazi yako ni kuketi pale na kuwauliza wanaona nini."

Nilimuuliza mama wa kwanza, nikarudi na jibu kwamba haoni vizuri.

"Hilo si jibu," Daktari Mkuu akasema. "Wote walio hapo hawaoni vizuri. Kamuulize tena."

Nikarudi. Yule mama akafikiri kidogo, kisha akaniambia kuwa akimtazama mtu haoni uso, ila masikio anayaona. Nilishangaa sana. Kumbe kila ugonjwa wa jicho una picha yake, na picha hiyo anaiona mgonjwa peke yake! Tangu hapo kazi ikanishika.

Baadaye nilihamishiwa Nyansiongo, chini ya Muuguzi Msimamizi, mzee mpole aliyependa kufundisha akiwa anatembea. Wagonjwa wetu wengi walikuwa na mtoto wa jicho, yaani ule ukungu mweupe unaofunika lenzi. Lakini asubuhi moja alikuja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akisema anaona vimulimuli mchana. Hakuwa na maumivu, na jicho halikuwa jekundu. Msimamizi alimwandikia aende Nairobi siku hiyo hiyo, kwa kuwa wakati huo mashine ya leza, inayotibu jicho kwa mwanga, haikuwepo kwetu.

Yule mfugaji alienda nyumbani kwanza, kushauriana na ndugu zake. Alipofika Nairobi, kivuli kilikuwa kimeshuka kama pazia, na jicho lile halikuona tena. Msimamizi alihuzunika mno. Aliniambia, "Mtu akikwambia anaona radi na mbingu ni kavu, usimpangie siku nyingine. Aende leo."

Niwaeleze ninyi vijana kilichotokea. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, ambao ndio unaopokea mwanga. Katikati ya jicho kuna ute mzito kama uji wa wanga uliopoa. Tunapozeeka, ute huo hunywea na kubanduka kutoka kwenye retina. Kwa wengi hakuna madhara. Kwa wachache huivuta retina hadi ikachanika, maji yakapenya kwenye mpasuko, na utando wote ukabambuka kutoka kwenye ukuta wa jicho.

Niliporudishwa Kisii, mashine ya leza ilikuwa imefika. Daktari Bingwa aliyeiendesha alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kuuliza maswali kunishinda. Ndipo akaja Mzee Onchari, mchongaji wa mawe ya sabuni, yale laini ya vinyago, kutoka Tabaka, akiongozwa na binti yake Kwamboka. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibiwa na kibanzi cha jiwe tangu ujana wake. Sasa la kulia, lile la pekee, lilikuwa na shida.

"Tata, unaona nini?" nikamuuliza. Kwetu tata ni baba, na ndivyo tunavyowaita wazee.

"Naona masizi, kama mtu amekung'uta sufuria ya kuni mbele yangu. Na hapa kando radi inapiga. Hata nikifunga jicho, inapiga tu."

"Hayo masizi yana umbo?"

Akatoa kipande cha jiwe mfukoni, na kwa ukucha akakwaruza duara lililokatika upande mmoja. "Hili ni kubwa kuliko mengine. Nikitazama huku linanifuata, nikitulia linapita."

Daktari Bingwa alikichukua kile kipande akakisogeza dirishani. "Pete!" alisema kwa furaha. "Mzee, hapa ndipo ute wako ulipokuwa umeshika nyuma ya jicho. Umebanduka na alama yake. Sasa tutafute kama umechana kitu."

Tulimtilia dawa ya kupanua mboni. Daktari alichungulia kwa muda mrefu, na furaha ikamtoka usoni. Juu pembeni palikuwa na mpasuko, kama ulimi mdogo uliofunuka.

"Utanishona?" Mzee akauliza.

"Hatushoni. Tunachomelea kwa mwanga kuzunguka tundu, ili kovu lishike na maji yasipite."

Alikaa kidevu kikiwa juu ya kifaa cha kuegemea, jicho limetiwa ganzi, mwanga wa kijani ukimulika na kuzimika. Mara mbili tatu alisema anachomwa kama kwa sindano. Tulipomaliza akaishika meza kwa mikono miwili.

"Kwamboka! Sioni. Kuna zambarau tupu. Wamenizima?"

"Tulia, tata," nikamwambia. "Mwanga ulikuwa mkali. Subiri."

Tukasubiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Polepole zambarau ikawa kijivu, kijivu kikawa dirisha. "Naona mti," akasema, na Kwamboka akafuta machozi.

Niliwaeleza yaliyobaki. Ukungu wa dawa ungeisha baada ya saa chache. Masizi yangebaki kwa wiki au miezi, kwa sababu leza hufunga mpasuko tu, haifagii ndani ya jicho. Radi ingepungua polepole. Kovu huchukua kama wiki mbili kukomaa, basi asibebe mawe. Lakini yakija masizi mapya, au kivuli, arudi bila kungoja.

Siku chache baadaye walirudi, Kwamboka akihema. "Ndugu zangu walisema tungoje, kwa vile mlisema masizi yatabaki. Baba amekataa."

"Masizi ya zamani nayajua," Mzee akasema. "Haya ni mageni."

Ulikuwa mpasuko wa pili, chini kidogo ya ule wa kwanza. Retina ilikuwa bado imeshika. Daktari Bingwa aliuchomelea pale pale, na safari hii zambarau ilipokuja Mzee hakushtuka. Alikaa akiitazama ikififia na kutusimulia rangi zake.

Makovu yalishika. Alirudi kwenye patasi na tupa, miwani ya kinga ikiwa usoni, kwa amri ya daktari na usimamizi wa Kwamboka. Nilipomuuliza kuhusu pete, alicheka. "Iko. Siku hizi inapita kama jirani, simsalimu kila mara."

Nilistaafu nikarudi kwetu Nyacheki, kwenye shamba langu la chai. Mwaka jana nikichuma asubuhi, mmweko ukapita pembeni mwa jicho langu, kisha nyuzi nyeusi zikaelea juu ya majani mabichi. Niliweka kikapu chini. Nilijua sipaswi kungoja, lakini nakiri kwamba nilisimama kidogo kuzitazama. Maisha yangu yote nilikuwa nimezisikia kwa wengine tu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Kisii. Muuguzi msichana alinipanulia mboni, daktari akachungulia, hakukuwa na mpasuko. Nilisikiliza maonyo yote, neno kwa neno, kama mgonjwa yeyote.

Uzi mmoja umebaki. Siku ya Sabato ukipita juu ya ukurasa wa Biblia, nangoja upite, kisha naendelea kusoma.