Puto Jekundu la Ziwa Duluti

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata goti langu hili bovu linataka kuruka. Nilikuwa msichana, fundi cherehani pale Daraja Mbili, na Jumamosi kulikuwa na mashindano ya mashua za matanga Ziwa Duluti. Mashua yetu ya watu wawili ilikuwa ya Mzee Mbise, mkulima wa kahawa aliyependa upepo kuliko chakula. Kaka yangu Elibariki alishika usukani, mimi kamba na matanga. Upepo ukitusukuma kwa nyuma, tulipandisha tanga la tatu, jepesi, linalovimba kule mbele. Tuliliita puto.

Basi nikashona puto jipya, jekundu, karibu mara mbili ya lile la zamani. Nilivyosifiwa sasa! Na mgema akisifiwa, unajua anavyolifanya tembo. Nikamfuata Mzee Mbise shambani.

"Shikamoo, mzee. Jumamosi tunawaacha wote!"

"Marahaba. Lijaribuni kwanza. Likikushinda, mpwa wangu atakaa nafasi yako."

Nafasi ile, mwanangu! Hapakuwa na msichana mwingine katika mashua zote zile, nami niliipenda kuliko nguo za Krismasi.

Alhamisi tukalijaribu. Nikavuta kamba, likapanda, likajaa upepo puu! Mashua ikainua pua, maji yakavuma chini yetu. Nikapiga vigelegele, Elibariki anacheka kama kichaa. Raha ile sijaionja tena popote. Ila Duluti si bahari. Ni ziwa dogo lililozungukwa na msitu. Kabla sijamaliza vigelegele, matete haya hapa.

"Shusha! Shusha!" Elibariki akapiga kelele.

Ningelishushaje? Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Kamba nilikuwa nimeikaza fundo, na mikono haikujua ianzie wapi. Tukayavamia matete, mashua ikalala ubavu, puto likanasa kwenye mti. Nikaibuka majini nacheka na kulia kwa pamoja, maana nafasi yangu niliiona inakwenda.

Mzee Mbise akaja ukingoni taratibu na fimbo yake.

"Binti, umeshona vizuri," akasema. "Wiki nzima umenisimulia litakavyopanda. Kushuka hujanisimulia hata mara moja."

"Na nafasi yangu, mzee?"

"Kesho nataka nikuone unashusha tu. Halafu tutaongea."

Puto tukalinasua, na Ijumaa tukaiweka mashua nchi kavu, kwenye majani ya ukingoni. Elibariki anapandisha, mimi nashusha, mpaka viganja vikachubuka. Mzee alikaa pembeni akinywa chai. Jioni akasema tu, "Kesho uwahi."

Jumamosi upepo ukateremka kutoka Meru, na sisi tukapandisha. Uwiii! Tuliwapita mmoja baada ya mwingine. Boya la kuzungukia lilikuwa karibu na matete yaleyale, na moyo ukaniambia bado, ngoja kidogo. Mikono ikakataa. Nikashusha mapema, puto likaniangukia lote mapajani, tukalizunguka boya safi kabisa. Nyuma yetu mashua mbili zikaingia matete na matanga yake wazi. Tukashinda! Mzee Mbise, mtu mzima yule, alirukaruka ukingoni hadi kofia ikaanguka majini. Mpwa wake ndiye aliyeivulia viatu kuifuata.

Mwanangu, mimi sikukatazi tanga kubwa. Ukitaka duka, ukitaka safari, ukitaka cheo, shona kubwa upendavyo, na watakaokucheka waache wacheke. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo jua mapema utatokaje. Jifunze kushusha siku ya utulivu, ukiwa kwenye majani, maana siku ya upepo moyo utakuambia ngoja kidogo, na ukingo hauko mbali kama unavyoonekana.

Mungu akujalie upepo mwingi, mwanangu, na viganja vinavyojua kushusha.